Kiwango Kilichoandikwa kwenye Kibati

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua. Sisi huku tunaendelea vizuri, isipokuwa Mama Mdogo bado hawezi kusimama bila kushika ukuta. Daktari anasema nyonga imeanza kuunga tangu alipoanguka bafuni, lakini hataki aachwe peke yake mchana. Nimewaomba wakubwa wangu ofisini wanipe kazi ya kufanyia nyumbani. Wamekubali kwa sharti moja: picha zangu zitoke kwa muda uleule unaotumiwa na kompyuta za ofisi.

Hapo ndipo penye shida. Unaijua kazi yangu: nachora majengo ambayo hayajajengwa, ili mteja aione nyumba yake kabla ya tofali la kwanza. Kuchora nachora mimi, ila picha ya mwisho, yenye mwanga na vivuli vyake, huikamilisha kompyuta. Hii niliyo nayo inachukua saa kumi na moja kwa picha moja. Ofisi inataka saa tatu. Nikishindwa, nitarudi ofisini ifikapo Machi, na Mama Mdogo atalala peke yake humu sebuleni kutwa nzima.

Nimeamua kujiundia kompyuta mpya, na niikimbize kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani. Watu wengi wanafanya hivyo. Unanunua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ambayo mtengenezaji ameruhusu mapigo yake yaongezwe, unaipa volti zaidi kidogo, unaipoza vizuri, nayo inafanya kazi ya prosesa kubwa kuliko yenyewe. Nimebaki na maswali mawili. Prosesa ya viini nane, yaani sehemu nane zinazopiga hesabu kwa pamoja, au ya kumi na sita? Na bodi mama, ule ubao unaobeba kila kitu, nichukue ipi kati ya hizi mbili nilizoziona dukani? Moja ni nyembamba, ina njia nne za kulisha prosesa umeme. Nyingine ni nzito, ina njia kumi na nne. Muuzaji, ambaye mtaa mzima wanamwita Injinia ingawa hakuna aliyewahi kukiona cheti chake, anasema ile nyembamba inatosha.

Wewe ndiye uliyenishikisha tesa ya kupimia umeme kabla sijashika kalamu. Nichagulie.

Binti yako.


12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kipo palepale, tumeshazoeana.

Umeanza mwisho. Bodi huchaguliwa baada ya prosesa, na prosesa huchaguliwa kwa kazi, wala si kwa sifa. Nimeulizia, nikaambiwa ya viini nane ikiongezwa mapigo itatoa picha kwa saa tatu. Basi chukua hiyo, viini kumi na sita waachie wanaotaka kuwaonyesha majirani. Hakikisha tundu la prosesa lililo kwenye bodi ndilo lile lililoandikwa kwenye boksi la prosesa. Usikubali kuambiwa yanafanana. Ukiona pini hata moja imepinda, irudishe hapohapo.

Sasa bodi. Tazama pembeni mwa tundu la prosesa, chini ya vile vyuma vyenye mapezi. Kuna vijiti na vipande vidogo vya kijivu vilivyopangwa mstari. Hivyo ndivyo vinavyopokea volti kumi na mbili na kuzishusha hadi volti moja na kitu. Kazi yote ya kuikimbiza prosesa inabebwa na hivyo, si na prosesa yenyewe. Njia nne zikibeba mzigo wa njia kumi na nne, kila moja itachemka. Chukua nzito. Injinia mwambie nimeshukuru.

Jambo la tatu hukuniuliza, nami nakueleza. Kila mashine ina kibati, na kiwango chake kimeandikwa kwenye kibati hicho. Aliyekiandika hakuandika mapambo. Sikukatazi kukipita kidogo kwa mashine iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Lakini ndani ya kompyuta kuna kinga ya joto: prosesa ikifika nyuzi tisini na tano hujipunguza kasi yenyewe, na ikizidi huzima. Nasikia mipangilio ya bodi inaruhusu mtu kuiondoa kinga hiyo. Usiiondoe. Usiisogeze hata kwa nyuzi mbili.

Niambie pia utaiweka wapi humo ndani, na ni nani atakayekuwa karibu nayo ikiwa inafanya kazi.

Baba yako.


21 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nilikwenda nayo dukani nikamsomea Injinia neno kwa neno. Alisikiliza huku amekunja mikono, kisha akasema, "Mwambie mzee aje afungue duka hapa, sisi tufunge." Wateja walicheka. Hata hivyo alikubali kwamba habari ya tundu na pini umeisema sawasawa. Prosesa nimeshanunua, ya viini nane, nami nilihesabu pini kama mtu anayehesabu vifaranga.

Kuhusu bodi, ile nzito imekwisha. Inasemekana nyingine zitakuja baada ya wiki sita. Mimi natakiwa kuanza tarehe mosi Machi. Nilipomwambia Injinia maneno yako juu ya kinga ya joto, alinijibu hivi: "Dada, kinga ile imewekwa kwa ajili ya watu wasiojua wanachofanya. Wewe unajua." Nitaona la kufanya.

Mama Mdogo anakusalimu. Anasema amechoka kulala kama gunia, na kwamba ukija umletee habari za watu, si matunda. Juzi alijikongoja mpaka kwenye cherehani yake, akashona pindo moja, akarudi kitandani anahema, amefurahi.

Binti yako.


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuuliza utaiweka wapi, hukunijibu. "Nitaona la kufanya" si jibu pia. Umenunua bodi gani? Andika jina lake kama lilivyo kwenye boksi, na uniambie kama kinga ipo.

Wiki sita si nyingi. Kaombe ofisini wakuongezee muda.

Msalimu shemeji yangu.

Baba yako.


9 Machi

Baba,

Shikamoo. Nitakueleza yote kwa sababu sitaki kuwa mwongo, na pia kwa sababu nimechoka kuulizwa kama mtuhumiwa.

Nimenunua bodi nyembamba. Ofisi hawakunipa muda. Siku mbili za kwanza picha ilichukua saa tano, kwa kuwa kila joto lilipofika tisini na tano prosesa ilijipunguza kasi. Siku ya tatu nikaenda kwenye mipangilio, nikaondoa kinga. Tangu hapo ni saa tatu kasoro. Ofisini wameridhika. Naiweka sebuleni, juu ya meza iliyo kati ya dirisha na kitanda cha Mama Mdogo, maana humo ndimo mwenye soketi nzuri ya ukutani. Nikienda sokoni au duka la dawa naiacha inaendelea na kazi, nikirudi nakuta picha tayari. Mama Mdogo anasema mvumo wake unamsaidia kusinzia.

Baba, najua ni kitu gani kinakusumbua, ingawa hujawahi kukisema. Nimekua nikisikia kwamba Baba Mdogo alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Kwamba aliunganisha waya pasipostahili, transfoma ya kiwanda ikalipuka. Mama Mdogo mwenyewe, mjane wake, husema hivyo, na hainui macho anaposema. Unaogopa nimerithi ule uzembe. Lakini mimi si Baba Mdogo. Naikagua mashine yangu kila asubuhi. Ningependa baba yangu aniamini angalau kuliko alivyomwamini ndugu yake.

Binti yako.


15 Machi

Mwanangu,

Jana nilikupigia simu nikakwambia uzime kompyuta na uchomoe waya ukutani. Uliniuliza kwa nini, nikakata. Sikukata kwa hasira. Mambo haya yamenikaa kooni miaka ishirini na mitatu, na kwa mdomo hayatoki.

Waya ule niliuunganisha mimi.

Nitakueleza kwa utaratibu. Kiwandani nilikuwa mkuu wa chumba cha umeme. Baba yako mdogo alikuwa fundi chini yangu. Kazi ile nilimfundisha mimi, tangu kumenya waya hadi kusoma saa za kupimia joto la mafuta. Transfoma iliyolisha mashine za karatasi ilikuwa na kinga ya joto. Mafuta yanayoipoza yakipata moto kupita kiwango cha kwenye kibati, kinga inakata, kiwanda kinasimama. Mwezi ule kulikuwa na kazi kubwa na kinga ikawa inakata kila siku alasiri. Meneja alikuwa ananifuata hadi mlangoni. Nami niliijua transfoma ile kuliko nilivyowajua watu wa nyumbani kwangu. Niliweka mkono ubavuni mwake nikajiambia kwamba inaweza kubeba zaidi. Nikakata kipande cha waya, nikaunganisha ncha mbili za kinga ili isikate tena. Nilikusudia kukitoa Ijumaa.

Kulikuwa na sheria. Fundi yeyote akiondoa kinga, kwa sababu yoyote, aandike kwenye daftari la zamu na atundike kadi nyekundu kwenye swichi, ili anayempokea ajue kwamba mashine haina mlinzi. Sheria hiyo niliibandika ukutani kwa mkono wangu. Lakini ningeandika, ningeulizwa, na kiwanda kingesimamishwa kwa matengenezo. Sikuandika. Kadi nilikuwa nayo mfukoni.

Siku ya kumi nilikuwa nyumbani. Aliyetakiwa kushika zamu aliugua, baba yako mdogo akashika badala yake. Watu waliokuwapo walisema kwamba transfoma ilianza kunguruma, nao wakamwambia wakimbie. Alikataa. Alisema kama kinga haijakata, basi bado iko salama, na akasogea karibu kuisikiliza. Maneno hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha: usiogope sauti, kinga ndiyo inayojua. Alikuwa amesimama pale akiisubiri ikate.

Tume ya uchunguzi iliniuliza ni nani aliyeunganisha waya. Nilisema sijui. Niliwaza juu yako, ulikuwa na miaka minne, na juu ya mama yako. Niliwaza juu yangu pia. Sitaficha hilo chini ya jina la mtoto. Wakaandika "uzembe wa fundi wa zamu". Wafanyakazi wenzake hawakuja mazishini. Mama yako mdogo alisimama kaburini na watu saba.

Umesema nikuamini kuliko nilivyomwamini ndugu yangu. Mwanangu, yeye ndiye aliyeniamini.

Unajua sasa kwa nini niliuliza mashine itakaa wapi. Huenda kompyuta isilipuke. Si transfoma, haina mafuta. Lakini umeondoa kinga kwenye kitu kinachochemka, ukakiweka karibu na kitanda cha mtu asiyeweza kukimbia, na hukumwambia. Mtu huyo ni mjane wa ndugu yangu. Siwezi kuliona jambo hilo likitendeka mara ya pili nikanyamaza.

Shemeji hajui. Namna ya kumwambia sijaipata.

Baba yako.


21 Machi

Baba,

Nilizima siku ileile uliyopiga simu. Barua yako ililetwa na basi jioni ileile uliyoiandika; nilipoimaliza nilifungua kompyuta nikaitazama kwa taa. Waya unaoilisha prosesa umeme unaingia kwenye bodi kwa soketi nyeupe ya plastiki. Upande mmoja wa soketi hiyo umegeuka kahawia na umelegea kama nta. Nyuma yake, kwa umbali wa shibiri mbili, kuna pazia, na baada ya pazia kuna kitanda.

Nilikaa sakafuni mpaka Mama Mdogo akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Umeniambia kwamba namna ya kumwambia hujaipata. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikaelewa unachotaka. Unataka niipate mimi. Baba, sitaweza. Nimekulia mikononi mwa huyu mama nusu ya maisha yangu. Hana mtoto mwingine. Nikimpelekea chai asubuhi hunitazama usoni kuona kama nimelala vizuri. Wiki hii amenitazama, akaniuliza, "Una nini?" nikamwambia ni kazi. Kwa hiyo sasa nami nimeanza kunyamaza. Ni siku sita tu na tayari sauti yangu naisikia imebadilika. Sijui wewe umewezaje.

Barua yake iandike wewe, kwa jina lake, kwa mwandiko wako. Usiipitishe kwangu. Ikifika nitampa nikiwa nimefunga macho.

Ofisini nimewaambia mashine imeharibika. Wamenipa hadi katikati ya Aprili, wala hawakugomba. Ningeomba tangu mwanzo ningepewa.

Binti yako.


13 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Bodi nzito zilifika hatimaye. Injinia alinipigia mwenyewe. Nilipomwekea ile bodi yenye soketi ya kahawia juu ya kaunta aliigeuza, akainusa, akasema, "Hii mpaka niiweke hapa kila mteja aone." Akauliza kama kuna mtu aliyeumia. Nikasema hapana. Akanifungia bodi mpya kwa mikono yake. Bodi imeipokea prosesa bila tatizo. Nimeongeza mapigo kwa kiasi, kinga ipo pale alipoiacha mtengenezaji. Picha inachukua saa tatu na dakika kumi. Joto haliendi zaidi ya themanini na mbili.

Barua yako kwake ilifika Jumanne. Nilimpa nikatoka nikakaa barazani. Niliporudi ilikuwa imekunjwa chini ya mto. Hakulia, au alilia nikiwa nje. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulijua lini?" Nikamwambia tarehe. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Siku ishirini na tatu. Yeye miaka, wewe siku." Tangu hapo haongei nami ila kwa lililo lazima.

Nilimweleza kila kitu kuhusu kompyuta: kwamba niliondoa kinga, kwamba nilimwacha karibu nayo, kwamba soketi iliyeyuka. Nikamwomba radhi. Nikamwuliza kama anataka niihamishe chumbani kwangu, au nihame mimi mwenyewe. Akasema nisogeze meza, nigeuze kioo cha kompyuta ili aione namba ya joto kutoka kitandani. Sasa nikienda sokoni nikarudi, kabla sijaweka kikapu chini, ananiambia: "Sabini na tisa." Basi. Hilo ndilo neno refu nililopata wiki hii.

Jana alijikongoja tena mpaka kwenye cherehani. Anashona kitu cha kiume. Sijathubutu kuuliza.

Binti yako.


20 Aprili

Shemeji,

Barua yako nimeisoma. Umeandika vizuri, hukujitetea, na hilo nimeliona. Salamu sitaandika leo.

Nakueleza jambo ambalo hukulijua, kwa sababu hukuwahi kuuliza kila Mei huwa nakwenda wapi. Unamkumbuka mwendesha winchi, yule ambaye mafuta yalimfikia akakatwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyebaki hai kati ya wawili waliopatwa na mlipuko. Mwaka wa kwanza baada ya mazishi nilimfuata nyumbani kwake. Nilipiga magoti mlangoni, mke wake akiwa bado hai, nikamwomba amsamehe mume wangu kwa uzembe wake. Aliniambia niinuke. Nilimpelekea shati nililolishona mwenyewe, mkono wa kushoto nimeufunga begani, mbele halina vifungo, ili aweze kulivaa bila kusaidiwa na mtu. Tangu hapo nimekwenda kila Mei. Mashati ishirini na mawili. Kila mara namwomba, kila mara ananiambia niinuke.

Mume wangu nilimpenda, lakini nilimkasirikia pia. Nilikuwa nikizungumza naye peke yangu nikishona: ulikuwa unawaza nini, mtu mwenye akili kama wewe, kuchezea waya. Nimemgombeza marehemu miaka ishirini na mitatu kwa jambo ambalo hakulitenda. Hilo ndilo ulilonitendea. Watu kumsema vibaya ningeweza kuvumilia. Lakini umenifanya mimi nimseme vibaya, ndani ya nyumba yake.

Usiniombe msamaha kwa sasa. Mimi mwenyewe nimeuomba kwa niaba ya mtu asiyekosa. Sijui huo uliobaki niutoe wapi.

Binti yako haondoki hapa. Kosa lake amelisema mwenyewe bila kuulizwa, na mashine yake naiona. Usichanganye mambo yake na yako.

Shati la mwaka huu limekwisha. Mguu wangu haunifikishi kule. Linakujia pamoja na barua hii, na anwani nimeandika nyuma. Utalipeleka wewe. Utamwambia ni nani aliyeunganisha waya. Kabla ya hapo utakwenda kulisema palepale uliposema hujui, liandikwe. Kisha uniandikie alichosema, bila kuongeza na bila kupunguza. Kabla hujafanya hayo usiniandikie kitu.

Mke wa ndugu yako.


17 Mei

Shemeji,

Nimekwenda. Nakuandikia kwa mpangilio ulioniagiza.

Tarehe sita nilikwenda ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, ile iliyounda tume. Kiwanda kilifungwa zamani, lakini faili la tume lipo. Karani ni kijana mstaarabu. Alilitafuta tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Aliponiletea karatasi, niliyasoma majibu yangu ya wakati ule. Ni mafupi. Aliniuliza kama nina wakili. Nikamwambia nina kalamu. Niliandika kurasa tatu, nikatia saini mbele ya mashahidi wawili, nao wakagonga muhuri. Wamesema maelezo yangu yataunganishwa na ripoti, jina la ndugu yangu litaondolewa penye neno "uzembe" na langu litaandikwa hapo, na kwamba huenda nikaitwa na polisi. Nimewaambia anwani yangu haijabadilika. Nakala yako imo humu, yenye muhuri.

Tarehe kumi na nne nilikwenda kwa mwendesha winchi. Anakaa na mjukuu wa kike, nyumba ya mwisho kabla ya ukuta wa shule. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alivaa shati uliloshona. Akaniona na kifurushi, akasema, "Huyu mama leo amemtuma nani?" Nikasema, "Mimi ni kaka wa mumewe." Akasema, "Mkuu wa chumba cha umeme." Nikasema ndiye mimi.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Habari ya waya, ya siku kumi, ya kadi, ya tume. Sikuacha kitu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza, "Yeye alijua lini?" Nikamwambia mwezi uliopita. Akauliza, "Kwa hiyo miaka yote ile alipopiga magoti hapa mlangoni, hakuwa na kosa la kuombea?" Nikasema hakuwa nalo. Mjukuu wake alileta maji, akaona nyuso zetu, akarudi nayo ndani.

Kisha akanena, nami nanukuu kama ulivyotaka. Alisema: "Nilizoea. Mwaka wa kwanza nilimwinua kwa huruma. Miaka iliyofuata nilikuwa nasubiri aje apige magoti, nilione lile kosa linalipwa kidogo kidogo. Nilikaa kwenye kiti hiki nikipokea. Mwambie nami nina la kumwomba." Akasema tena: "Mwambie shati hili silichukui. Nguo yake nimeipenda, lakini hili alilishona kulipa kosa lisilo lake. Akipona aje. Nitampokea. Ila aje mikono mitupu, na asipige magoti, maana safari hii sitaweza kumwinua bila kulia."

Hayo ndiyo aliyokutumia. Shati linarudi kwako pamoja na barua hii.

Kwa ajili yangu hakusema neno. Nilipoaga nilinyoosha mkono. Aliutazama. Kisha akaliweka shati mapajani, akaanza kulikunja kwa mkono wake mmoja, polepole, pindo juu ya pindo, nami nikasubiri na mkono wangu umenyooka mpaka alipomaliza, akalisukuma kifurushini, akaita mjukuu wake anifungulie lango.

Kaka wa mumeo.